Mashine Iliyokula Mnong'ono

Murukulazo, Ngara
11 Februari 2024

Kwa mwanangu wa ubatizo Deodata, mwenye duka la kompyuta, Biharamulo mjini.

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima, na nikisema mzima ni mzima hasa, si kama wazee wenzangu wa hapa wanaotembea wameshika ukuta. Priscila mke wangu anakusalimu. Maharage tumevuna. Mvua za mwaka huu ni za kistaarabu, zinanyesha bila kelele. Paroko wetu amehamishwa, aliyekuja ni kijana anayehubiri kwa kujisemesha mwenyewe kifuani, sijui huko seminari siku hizi wanawafundisha nini.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Darasa la tatu nililoishia mimi lilikuwa na elimu kuliko vyuo vyenu. Na usinipigie simu. Simu za sasa zimepunguzwa sauti makusudi ili watu wanunue nyingine, mimi nimeshawashtukia.

Neno langu ni hili: ile kompyuta ya mezani uliyoniuzia inakula sauti.

Kazi yangu unaijua. Kutoka Kabanga mpaka Rusumo hakuna fundi wa kurekodi inanga isipokuwa mimi. Ngoma na kwaya anarekodi yeyote mwenye simu. Inanga ni jambo lingine. Mpigaji anakaa chini, ule ubao wake wa nyuzi ameulaza mapajani, na haimbi, ananong'ona. Nyuzi ndizo zinazoimba, mnong'ono unapita chini yake kama ukungu unavyopita bondeni asubuhi. Ukikohoa umeua. Ndiyo maana studio yangu ina sheria, ukiingia hata mate humezi. Katekista Theonest nilimtoa nje kwa kosa la kupumua kwa pua. Mimi mwenyewe nikikaa pale, jiwe lina kelele kuliko mimi.

Sasa basi. Tangu mvua za vuli nyuzi nazisikia, lakini mnong'ono wa Ciza, mpigaji wangu, unaniacha. Ulianza kwenda mbali kidogo kidogo, kama mtu anayeteremka kwenda mto Ruvubu huku bado anakusimulia habari. Leo haupo kabisa. Na la ajabu zaidi, nikilala nausikia. Nasikia mpaka ulimi wake unavyogusa meno. Nikiamka nakimbilia kompyuta, nawasha, naweka spika sikioni, ni nyuzi tupu.

Mlisema apdeti ya kompyuta za mezani, za sisi watu wa kazi, inakuja kabla ya Krismasi. Krismasi tumekula, tumesahau. Iko wapi? Ciza amebakiza wimbo mmoja ambao hatujaurekodi, ule wa ng'ombe waliovuka Ruvubu mwaka wa njaa, na yule wa mbele akageuka katikati ya maji kumtafuta mchungaji. Amekuwa akiupiga tangu tukiwa vijana wa malishoni, yeye ng'ambo ya Burundi na mimi huku. Aliyemfundisha alishakufa. Anayeujua amebaki yeye peke yake, na kifua chake kimeanza kupiga miluzi. Akiondoka, umeondoka. Siwezi kuutia wimbo wa namna hiyo kwenye mashine yenye njaa.

Lete apdeti.

Ni mimi baba yako wa ubatizo,
Protasi, Fundi wa Sauti


Biharamulo mjini
24 Februari 2024

Baba Protasi, shikamoo. Mama Priscila naye shikamoo yake.

Barua imefika, kondakta wa basi la Kabanga ameileta mpaka mlangoni. Baba, simu nilikupigia hata kabla ya barua. Nilikuuliza taa ya mashine inawaka rangi gani, ukanijibu kuku hawajambo. Kisha ukasema "ndiyo, ndiyo", ukakata.

Kuhusu apdeti, si wewe peke yako. Tecla anayechora ramani za viwanja anakuja hapa kila Jumatatu kuniuliza, mpaka sasa haulizi tena, anainua tu kidevu nami natikisa kichwa. Mpiga picha za harusi naye analia. Kampuni inatoa za simu mpaka watu wamechoka kuzipokea, leo wamebadilisha rangi, kesho wameongeza vikatuni vya kucheka. Za mezani ni "karibuni". Nadhani huko waliko, mtu anayeketi mezani akafanya kazi moja mpaka iishe wanamwona kama amechelewa basi.

Mimi ndiye ninayewauzia watu hilo neno "karibuni", Baba, na limeanza kuniwasha mdomoni. Kwa sasa nakuazima laptopu mpya kabisa. Ijaribu kwa nyimbo za Ciza.

Mwanao wa ubatizo,
Deodata


Murukulazo
17 Machi 2024

Deodata,

Marahaba. Laptopu nimeipokea. Kondakta alikuwa ameikalia lakini haikuumia, na ingeumiaje, nyembamba kama chapati ya maskini.

Ciza alivuka Jumamosi, siku ya soko la Kabanga, inanga yake ameizungushia mkeka. Askari wa mpakani akamwuliza kama ni trei ya kuandalia wageni. Ciza akajibu, "Ndiyo, naandalia wafalme." Mzee huyo bado ana mdomo. Tukaketi, tukanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kidogo tu ya kulainisha koo, nikafunga madirisha, akapiga wimbo mfupi wa kumlaza mgeni. Nikausikiliza. Nyuzi tupu.

Safari hii lakini nimemshika mwizi. Wewe unajua ile picha ya sauti inayojichora kwenye kioo. Wengine wanaona mistari, mimi naona Murukulazo. Nyuzi ni vilima. Mnong'ono ni majani mafupi yaliyoota miguuni pa vilima. Kwenye laptopu yako vilima vimesimama uchi, majani yamefyekwa mpaka udongo. Nimeelewa. Hii mashine ya kisasa imeusikia mnong'ono ikadhani ni uchafu, ikaufagia. Mke wa kisasa huyu, anafagia mpaka mbegu.

Kwenye ile yangu ya mezani majani yapo. Nayaona! Lakini sauti haitoki. Maana yake mashine inasikia ila imekataa kusema. Hiyo ni jeuri, na dawa ya jeuri ni apdeti.

Nakurudishia chapati yako. Ndani ya mfuko kuna barua kwa wenye kampuni. Itafsiri kama ilivyo, usiipake mafuta.

Protasi


Murukulazo, Ngara, Kagera, Tanzania
17 Machi 2024

Kwa Wenye Kampuni ya Kompyuta, popote mlipo.

Jina langu ni Protasi. Kama hamjanisikia, kosa ni lenu.

Nilipoinunua kompyuta yenu ya mezani, kijiji kizima kilikuja kuitazama. Mwenyekiti aliivulia kofia. Niliwaambia watu: hawa walioitengeneza wanawajua watu wa kazi. Sasa nimekuwa mwongo kwa ajili yenu, mimi ambaye hata hakimu hajapata kuniita hivyo.

Tunangoja, mnatoa ya simu. Tunangoja tena, mnatoa nyingine ya simu. Simu ni kitu cha kushika ukitembea. Mtu anayetembea anafanya kazi gani? Mkulima anasimama shambani pake. Mfinyanzi anaketi. Hata kuku akitaka kutoa yai anatulia mahali pamoja. Ninyi mmewasahau walioketi.

Mimi narekodi mtu anayenong'ona. Mtu huyu hajabakiza miaka mingi, pengine hana hata mvua mbili. Anaponong'ona, ng'ombe waliokufa zamani wanavuka mto, na sisi tunalowana. Hamwezi kuniambia nimngojeshe. Yeye hangoji karibuni yenu.

Na huko mnakofagia sauti, acheni kufagia. Si kila kitu kidogo ni uchafu.

Nangoja jibu, nikiwa nimeketi.

Protasi, Fundi wa Sauti


Biharamulo mjini
6 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Barua yako niliitafsiri neno kwa neno, sikupaka mafuta. Tecla aliomba nakala, ameibandika juu ya meza yake ya ramani. Mpiga picha naye anataka.

Kampuni imejibu siku ileile, kabla hata sijanyanyuka kitini, nami nikajua hakuna aliyesoma. Wanakushukuru kwa kuwa sehemu ya familia yao. Wanakukaribisha ujaribu toleo la simu. Apdeti ya mezani imesogezwa tena mpaka mwishoni mwa mwaka.

Nimekaa na jambo moja ulilosema. Kama majani unayaona, basi mnong'ono umo ndani ya mashine. Nitilie nyimbo kwenye flashi, nizisikilize hapa kwa spika zangu kubwa. Pengine tatizo ni dogo kuliko tunavyodhani.

Na Ciza, tafadhali, mrekodi hivyo hivyo. Usingoje.

Deodata


Murukulazo
9 Juni 2024

Deodata,

Flashi hiyo, ina nyimbo za mashine yangu ya mezani, hata ule alioupiga Ciza Aprili; nimeishonea ndani ya kitambaa, kata uzi polepole.

Ciza alituma mtu kuuliza aje lini. Nimemjibu angoje mpaka mashine ipone. Wimbo wa namna ile haurekodiwi mara mbili, kifua chake hakiruhusu, na mimi Protasi sifanyi kazi mbovu. Amekubali. Amesema ng'ombe wamesimama majini miaka mingi, wanaweza kusimama kidogo tena.

Ukungu umeanza kulala bondeni. Asubuhi Murukulazo ni visiwa tu. Usiku wa kuamkia leo niliota nimeketi juu ya kisiwa kimoja na Ciza juu ya kingine, anapiga, na kila neno linanifikia bila hata kulowa.

Protasi


Biharamulo mjini
30 Juni 2024

Baba Protasi, shikamoo.

Barua hii nimeianza mara kadhaa. Nilipokuwa mdogo ulinifundisha kwamba jambo gumu mtu haambiwi barabarani, analetewa nyumbani akiwa ameketi. Basi ketini, wewe na Mama Priscila.

Flashi ilifika mchana. Duka lilikuwa na watu. Huku wanachoma majani, hewa yote ni moshi mwembamba, jua linaingia mlangoni likiwa jekundu kama pombe ya mtama. Mama mmoja wa Nyantakara alikuja kutoa kopi ya cheti cha mtoto. Nikaweka wimbo wa kumlaza mgeni, ule ulioutia kwenye mashine yako ya mezani zamani kidogo, kisha ule wa Aprili.

Baba, mnong'ono upo.

Upo wote. Katika ule wa Aprili upo vilevile kama katika ule wa zamani. Ciza analamba midomo, nasikia. Anavuta pumzi, kifua kinapiga mluzi mdogo, nasikia. Yule mama wa Nyantakara aliketi sakafuni bila kuambiwa, mtoto akalala mgongoni. Hakuna aliyeuliza ni lugha gani. Wimbo ulipokwisha tulibaki pale, na mashine ya kopi ikiwaka taa yake bure.

Mashine yako haina njaa wala haina jeuri. Imekutunzia kila kitu. Apdeti hata ingefika kesho isingekurudishia unachokitafuta, kwa sababu hakikupotelea kwenye kompyuta.

Nenda hospitali wakuangalie masikio, Baba. Lakini kabla ya hospitali, nenda kwa Ciza. Usimngojeshe kwa ajili ya kampuni. Usimngojeshe kwa ajili ya jambo lolote.

Nisamehe kama nimekosa adabu.

Mwanao,
Deodata


Biharamulo mjini
18 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Kondakta anasema barua yangu alikupa mkononi. Sijapata neno. Mama Priscila nilimpigia, akasema tu, "Baba yako anatembea shambani." Kama umekasirika, niandikie hasira. Nitaisoma yote.

Deodata


Murukulazo
29 Septemba 2024

Deodata,

Marahaba.

Barua yako niliitupa chini ya kitanda. Nikamwambia Priscila, huyu mtoto nilimshikia kichwa akimwagiwa maji ya ubatizo, leo ananiita kiziwi mbele ya watu wa Nyantakara! Priscila akasema kitu. Nikamwambia, usijisemeshe kama paroko. Akanitazama, akaenda jikoni.

Nikakaa na hasira yangu kiangazi chote. Nilikuwa nayo vizuri, ina afya.

Halafu wiki hii nilikuwa studio, madirisha nimefunga kama kawaida, nasafisha waya. Nikatoka nje. Uwanja mzima unatiririka. Ndoo zimejaa zinamwagika. Kuku wamejibana chini ya ghala, kumbe mvua ilikuwa imenyesha muda mrefu. Juu ya bati, Deodata. Bati lilelile ambalo zamani tone la kwanza tu likilipiga nilikuwa narusha kiatu juu na kutukana mawingu, kwa sababu linaharibu kazi. Na mimi mwaka mzima najisifu kwamba mvua zimepata ustaarabu.

Nilisimama pale nikalowana. Nikafungua mdomo nikasema jina langu. Nikalisikia kama linatoka kwa jirani.

Basi. Nimeandika mara moja, sitaandika tena.

Nikatuma mtu kwa Ciza: njoo. Mjumbe akarudi akasema Ciza mlima umemshinda, haamki kitandani ila kwa kuinuliwa. Nikasema kama ng'ombe haendi mtoni, mto utabebwa. Nikaifungua kompyuta, nikakifunga kioo kwa godoro la Priscila, nikapanda bodaboda mimi na mashine yangu kama bwana harusi na bibi harusi. Ndiyo, najua, chapati yako ingeingia kwapani. Nyamaza.

Kabanga askari akanisimamisha. Nilimtazama mdomo, nikaelewa. "Mzee, unavusha nini?" Nikamwambia, "Masikio yangu." Akacheka, akainua kamba.

Ciza tulimwegemeza ukutani, watu wa nyumbani mwake wakatoka, tukabaki wawili. Amekwisha, ni macho na vidole tu. Akaniuliza kwa mkono, mashine imepona? Nikamjibu kwa mkono, imepona. Akaishika inanga, ukungu ukaingia mlangoni ukaketi nasi kama mgeni aliyealikwa, nami nikabonyeza.

Sikusikia mnong'ono. Nyuzi zenyewe zilinijia kama kengele ya mbuzi aliye kilima cha pili. Lakini niliutazama wimbo ukiota kwenye kioo. Vilima, halafu majani. Na majani yenyewe, sijapata kuona! Marefu, mazito, yamesongamana mpaka kiunoni mwa vilima. Nikajiuliza, mtu mwenye kifua kile nguvu kaitoa wapi? Niliketi kimya kuliko siku zote za maisha yangu, hata jiwe lingenionea wivu. Wakavuka wote, Deodata. Niliwaona wakivuka.

Alipomaliza alicheka, akaniambia kitu, nikaitikia. Kisha akailaza inanga kifudifudi. Hatapiga tena.

Flashi hii ina wimbo huo. Sikiliza, halafu niandikie. Usiniandikie kwamba ni mzuri, hilo nalijua, nimerekodi mimi. Niandikie kilichomo, kuanzia mwanzo, polepole. Nitausikia kutoka kwako.

Na wale wenye kampuni waambie nimewasamehe kidogo. Apdeti wasilete. Walete kioo kikubwa kuliko hiki.

Protasi, Fundi wa Sauti


Biharamulo mjini
13 Oktoba 2024

Baba Protasi, shikamoo.

Kwanza la kampuni, tulimalize. Apdeti imefika wiki iliyopita, bila hodi. Tecla alipiga vigelegele dukani. Nikaijaribu kwenye nakala ya wimbo wako. Ni fagio lilelile la laptopu, nyuzi zimebaki kama kamba za kuanikia nguo, na hakuna nguo. Nimeitoa. Mashine yako asiiguse mtu. Kioo kikubwa kinakuja na basi la Jumanne, nimemwambia kondakta akisimamie, asikikalie.

Sasa keti. Nimefunga duka ili nikuandikie huku nasikiliza.

Mwanzo ni mlango. Upepo kidogo, mtu anavuta mkeka. Kisha uzi mmoja peke yake, mnene, unatetemeka mpaka unakwisha. Halafu nyuzi zote zinaingia, na chini yake mnong'ono wa Ciza. Ni mkavu, kama mtu anayepitisha mkono kwenye maharage yaliyoanikwa. Anawaita ng'ombe mmoja mmoja. Anakatika, anavuta pumzi, mluzi wa kifua unapita, anaendelea.

Na nyuma yake, Baba, kuna mnong'ono wa pili.

Mara ya kwanza nilidhani ni kasoro, nikarudia. Si kasoro. Kuna mtu ananong'ona maneno yaleyale, nusu pumzi baada ya Ciza, hakosei hata jina la ng'ombe mmoja. Ndiyo maana majani yalikuwa marefu. Katika nyumba ile hakuwepo mwingine.

Pale yule ng'ombe wa mbele anapogeuka kumtafuta mchungaji, Ciza kifua kinamkatalia. Anaacha. Nyuzi anaendelea kuzipiga ila neno halitoki tena. Wa pili haoni kwamba ameachwa peke yake. Anakwenda nao katikati ya maji, anamwita mchungaji, anawavusha wote mpaka ng'ambo, hamwachi hata ndama.

Nyuzi zinakoma. Kisha Ciza anacheka, kicheko kidogo chenye kikohozi ndani yake, anasema: "Protasi, kumbe wimbo unaujua."

Nawe unamjibu, "Ndiyo, ndiyo."

Mwanao wa ubatizo,
Deodata